Vifaa vya Rili Havipo Dukani, Tunavitengeneza Mwanjelwa

Rili ya kuvulia, ile mashine ndogo ya kukunjia mshipi kwenye fimbo, ikifa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mwenyewe hulaumu maji. Mimi siyalaumu. Ziwa Nyasa ni maji baridi, Mtera ni maji baridi, na mito ya Mufindi ni maji baridi ya kugandisha vidole. Hakuna chumvi ya kula chuma. Igeuze hiyo rili uangalie vichwa vya skrubu zake. Utakuta vimetafunwa, mfereji umepanuka mdomo, na pembeni yake rangi imechanika pale bisibisi ilipoteleza. Nati ya katikati imeviringika pembe kwa sababu mtu aliishika kwa plaizi. Rili nyingi ninazoletewa ziliuawa na mtu aliyekuwa anajaribu kuziponya, akiwa na kifaa kisicho chake.

Nasema hivi nikiwa fundi cherehani. Nina meza Mwanjelwa, hapa Mbeya, na ugali wangu unatoka kwenye Butterfly na Singer za washonaji. Rili ziliingia mezani kwa sababu ya uvuvi: nikipata nafasi nateremka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na fimbo yangu, na wavuvi wakishajua kwamba una bisibisi ndogo, hawakuachi. Siku hizi zinakuja hata kwa basi kutoka Iringa, ndani ya boksi la biskuti, na kikaratasi kilichoandikwa "haizunguki" au "inarudi nyuma".

Tuelewane kwanza kuhusu rili zenyewe. Wavuvi wengi wa Nyasa na Mtera wanatumia nyavu na mishipi ya mkono. Wenye fimbo na rili ni wachache, na rili zao zimepita njia ndefu. Nyingine zilitoka kwenye marobota ya mitumba, nyingine ziliachwa na wageni waliomaliza mkataba wakarudi kwao, nyingine ni zawadi ya ndugu aliyeko Dar. Zinafika bila kitabu cha maelekezo, bila kispana chake, bila spea. Ukiuliza spana ya rota ya rili dukani, muuzaji anakuonyesha spana za pikipiki. Kwa hiyo kila kifaa ninachotumia kwenye rili nimekitengeneza, au nimetengenezewa na fundi mwingine mita chache kutoka nilipokaa.

Bisibisi ijae

Kwenye ufundi cherehani kuna jambo ambalo mwanafunzi huambiwa kabla hajaruhusiwa kugusa mashine ya mteja: bisibisi ijae. Skrubu za cherehani zina mfereji mwembamba na zimekazwa sana. Bisibisi ya kawaida ya dukani ina ncha iliyochongwa kwa mteremko, nene juu na nyembamba chini. Ukiiingiza, inagusa midomo ya juu ya mfereji tu. Ukizungusha, inapanda, na inapochomoka inaondoka na chuma. Ncha inayotakiwa ina pande mbili zilizosimama sawasawa, unene wake unalingana na mfereji, na upana wake hauzidi kichwa cha skrubu. Ikiingia inashika mpaka chini. Kipimo changu ni hiki: naichomeka, nainua rili nzima juu na kuigeuza, bisibisi isidondoke. Ikidondoka, narudi kwenye jiwe.

Chuma kizuri cha kutengenezea bisibisi hizi ni msumari wa zege. Umekomazwa ili usipinde ukipigwa ukutani, kwa hiyo unavumilia. Unakata kichwa, unasaga ncha taratibu kwenye jiwe la kunolea, na kila baada ya sekunde chache unachovya kwenye maji. Usikubali ncha ipate moto mpaka ibadilike rangi. Ikishageuka bluu, ugumu umetoka, na bisibisi hiyo itajikunja kwenye skrubu ya kwanza ngumu. Mpini ninaupenda wa mti wa mpera, kwa sababu ni mgumu, haupasuki ovyo, na unakubali tundu jembamba. Unatoboa, unapigilia msumari ndani na gundi kidogo, kisha unauzungusha kwenye msasa mpaka ukae mkononi.

Skrubu za nyota zina shida yake. Rili nyingi tulizonazo ni za Japani au zimefuata vipimo vya Kijapani, na msalaba wa skrubu hizo si sawa na wa bisibisi za kawaida za nyota. Ncha ya bisibisi inagonga sakafu ya skrubu kabla mabawa yake hayajakaa kwenye kuta, kwa hiyo nguvu yote inabebwa na eneo dogo la juu. Baadhi ya skrubu hizo zina kinukta kidogo kichwani, na ukikiona ujue. Dawa yake ni kusaga ncha ya bisibisi kidogo sana, unyoya tu, mpaka mabawa yashuke na kujaa. Nina bisibisi tatu za nyota zilizosagwa hivyo kwa ukubwa tofauti, na hazifanyi kazi nyingine yoyote.

Na skrubu ikigoma hata kwa bisibisi iliyojaa, usiongeze nguvu. Chukua chuma cha kulehemu cha mafundi redio, gusisha ncha yake kichwani mwa skrubu kwa nusu dakika hivi, kisha jaribu tena. Joto linalegeza gundi ya kiwandani na kutu. Kama bodi ya rili ni ya plastiki, punguza muda na uguse skrubu peke yake.

Fundi baiskeli ni ndugu yetu

Kampuni ya Shimano, ambayo rili zake zimefika mpaka Kyela, ilianzishwa mwaka 1921 mjini Sakai, Japani, na bidhaa yake ya mwanzo ilikuwa friwili ya baiskeli. Rili zilikuja karibu miaka 50 baadaye. Ukifungua rili unaona undugu huo: gololi, springi ndogo, vijino vinavyoruhusu kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma. Ndiyo maana fundi baiskeli akiitazama rili iliyofunguliwa haishangai. Na takataka zake ni hazina.

Spoki iliyokatika, kwa mfano. Ni waya wa chuma wa karibu milimita 2, umenyooka na una nguvu. Kipande kimoja nakinoa kama sindano, kwa kutolea kiringi chembamba kinachoshika kifuniko cha beringi. Kingine nakipinda ncha nyuzi 90, milimita 3 hivi, kikawa ndoana ya kuvutia springi. Cha tatu nakiponda ncha kwa nyundo na kuichonga mfereji katikati, kwa kusukumia zile klipu zenye umbo la herufi E. Spana bapa za kukazia koni za ekseli nazo zinafaa mahali spana ya kawaida haipiti kwa unene. Kuanzia hapo unachukua tupa unazipunguza zaidi.

Nati ya rota

Hiki ndicho kifaa kinachosumbua watu kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukitoa spuli, kile kibandiko kinachobeba mshipi, kwenye rili hizi za kawaida, unakuta rota, kile kikombe kinachozunguka na kukunja mshipi. Katikati yake, chini shimoni, kuna nati. Shafti inapita katikati ya nati na kuchomoza juu kwa sentimita kadhaa. Spana bapa haifiki, kuta za kikombe zinaizuia. Soketi fupi haiingii, shafti inagonga kitako chake. Soketi ndefu ya gereji ina ukuta mnene, inakwama kabla ya kuifikia nati. Hapo ndipo watu huchukua plaizi yenye pua ndefu, wanabana, inateleza, pembe za nati zinakwisha. Bila kutoa nati hiyo hutoi rota, na bila kutoa rota huioni beringi kubwa wala pinioni, ile gia ndogo ya katikati.

Kijana mmoja kutoka Kyela alileta rili yake yenye nati ya milimita 12. Nikamwambia twende kwa mzee mmoja mhunzi, upande wa SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kijana alikuwa ametangulia kutafuta kipande cha bomba, bomba la maji, jeupe, linang'aa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo bomba la nini?"

"Tunataka spana ya boksi, mzee. Ya nati ndogo."

Mzee alilipokea, akaligeuza, akalikwangua kwa kucha. "Hili limepakwa zinki. Mimi zinki siichomi. Moshi wake unakulaza na homa usiku kucha. Niletee bomba jeusi."

Alikuwa sahihi kabisa, na ninaliandika hapa kwa yeyote atakayejaribu: bomba lililopakwa zinki usilitie motoni. Moshi wake ni sumu, na mafundi wengi wa kuchomea wanaijua homa hiyo.

Bomba jeusi likapatikana kwa mchomea mageti. Sasa hesabu. Nati yenye upana wa milimita 12 kutoka ubapa hadi ubapa, ukiipima kutoka pembe hadi pembe inafika karibu milimita 13.9. Bomba linalofaa ni lile ambalo tundu lake liko katikati ya vipimo hivyo, tuseme milimita 13. Likiwa pana zaidi, nyundo itakuwa na kazi kubwa ya kulirudisha. Likiwa jembamba zaidi, litapasuka. Kalibu yake ni bolti ya gari. Magari ya Kijapani yana bolti nyingi zenye kichwa cha milimita 12, na gereji yoyote ya Mbeya ina kopo limejaa bolti za namna hiyo.

Mzee alipasha mwisho wa bomba, kama sentimita 2, mpaka ukawa mwekundu wa kung'aa. Akatumbukiza kichwa cha bolti ndani, akaliweka juu ya fuawe, akaanza kugonga kwa nyundo ndogo: ubapa mmoja, geuza, ubapa wa pili, geuza. Hakupiga kwa nguvu. Bomba lilikuwa linakaa lenyewe juu ya pembe za bolti. Kabla halijapoteza wekundu wote akaichomoa bolti, kwa sababu chuma kikipoa husinyaa na kukibana kilichomo. Akarudia mara moja tena, kisha akaliacha lipoe lenyewe kwenye majivu. Halikuhitaji kukomazwa kwa maji, maana nati ya rili haidai nguvu hiyo.

Kazi iliyobaki niliifanya mimi. Nilipunguza ukuta kwa nje na tupa mpaka ukapita ndani ya kikombe cha rota. Nikatoboa tundu la kukingama upande wa pili, nikapitisha kipande cha msumari kiwe mkono. Bomba liko wazi katikati, kwa hiyo shafti inazama humo bila kugusa kitu. Nati ikafunguka bila mlio.

Mambo mawili kuhusu nati hiyo. Rili nyingine zina kibati kidogo chenye skrubu yake kinachoizuia nati isigeuke. Kitoe kwanza. Na nyingine zimekatwa nyuzi za kinyume, zinafunguka kuelekea kulia. Kabla ya kulazimisha upande mmoja, jaribu mwingine kwa nguvu ileile ndogo.

"Ndaga fijo, tata," yaani asante sana, baba, kijana alimwambia mzee, na mzee akafurahi kusikia Kinyakyusa kizuri kwa mtoto wa umri ule. Nami nilikuwa nawaza jinsi njia hii ilivyo ya zamani. Kabla ya maduka, Wakinga wa milimani ndio waliokuwa wahunzi wa upande huu, wakiteremka na majembe na mikuki yao mpaka kwa Wanyakyusa ziwani. Upande wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo, malungu. Watu wa nyanda hizi hawajawahi kusubiri meli ndipo wapate kifaa. Nikisikia mtu anasema rili haitengenezeki Mbeya kwa kuwa spana yake inauzwa Ulaya, naumia.

Springi zinazoruka

Hapa nitapita haraka. Springi ya rili ikiruka chumbani, umeipoteza. Fungua sehemu zenye springi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Mifuko ya rambo tuliiaga tangu 1 Juni 2019 ilipopigwa marufuku, lakini ile plastiki nzito inayofungashia mashuka na mablanketi ni bora zaidi, ina nafasi ya mikono miwili. Springi ikiruka inabaki humo.

Trei ya mayai inapanga vipande kwa mfuatano wa kufungua: tundu la kwanza kilichotoka kwanza. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa washa nyembamba, vile viduara vinavyokaa kati ya vipande, kwa sababu washa ya unene wa nywele ikirudishwa mahali pasipo pake, gia zitanguruma. Sumaku ya spika iliyoungua nayo ni msaada kwa kusaka skrubu sakafuni, ila beringi usiziweke juu yake. Zikishika usumaku zitavuta vumbi la chuma, na vumbi hilo litasaga gololi.

Mafuta

Watu wanapaka rili mafuta ya kula. Tafadhali, hapana. Mafuta ya kula yakikaa hewani yanageuka gundi, na nimeshakwangua gundi hiyo kwenye rili ambazo hazikuwa na ugonjwa mwingine. Mafuta ya mgando nayo yanayeyuka kwa jua la Mtera na kuacha gia kavu.

Beringi zinataka mafuta mepesi, na mafuta mepesi mazuri yapo kila mji wenye mshonaji: mafuta ya cherehani. Kifaa chake ni bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa. Ncha kali ya sindano naisaga kwa msasa iwe butu, isinichome wala kukwaruza. Tone moja kwenye beringi, tone moja kwenye kile kiroli kinachopitishia mshipi. Hicho kiroli msikisahau, ndugu zangu wa Matema. Mchanga wa ufukweni pale ni laini, unaingia humo kwanza. Kiroli kikigoma kuzunguka, mshipi unajisugua na kujisokota, na mtu anadhani amenunua mshipi mbovu.

Kusafisha, natumia mafuta ya taa ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko: beringi ndani, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe, kausha kabisa, ndipo utie mafuta. Petroli siikubali mezani kwangu, mvuke wake unawaka kwa cheche tu. Thina nayo inayeyusha plastiki.

Gia zinataka grisi. Ile ya beringi za magari, yenye namba 2 kwenye kopo, inafaa, lakini kwa wenzetu wa Mufindi wanaowatafuta trauti, samaki walioletwa enzi za ukoloni wakazoea mito ya baridi kule, grisi hiyo ni nzito mno. Alfajiri ya Juni au Julai mkono wa rili unageuka kwa shida. Nachukua kijiko cha grisi, naongeza matone ya mafuta ya cherehani, nakoroga kwa kijiti mpaka ilegee. Napaka kwa mswaki wa zamani, utando tu juu ya meno ya gia. Ukijaza nyumba yote ya gia kwa grisi unamwongezea mvuvi uzito wa bure.

Sehemu moja grisi haigusi kabisa: ile beringi ya klachi, yenye vijiti vyembamba vya chuma vinavyouzuia mkono usirudi nyuma. Vijiti hivyo vinafanya kazi kwa kubana shafti. Ukivipaka grisi, vinateleza, na hapo ndipo ninapoletewa boksi lenye kikaratasi "inarudi nyuma". Ioshe, ikaushe, ipake mafuta mepesi kwa kugusa tu, rudisha.

Breki na chupa ya maji

Kama ningeruhusiwa kumwachia kila mwenye rili kifaa kimoja tu, ningemwachia chupa ya maji.

Breki ya rili ni zile washa zilizopangwa juu au ndani ya spuli. Samaki akivuta kuliko breki ilivyokazwa, spuli inazunguka na kuachia mshipi utoke badala ya mshipi kukatika. Wavuvi wengi wanakaza kwa hisia: wanavuta mshipi kwa mkono, wanasema "hapo". Mkono unadanganya. Kanuni inayotumiwa na wavuvi kwingi duniani ni kuiweka breki kwenye theluthi au robo ya nguvu ya mshipi, kwa sababu fundo linapunguza nguvu ya mshipi na samaki anapogutuka nguvu inapanda ghafla. Mshipi wa kilo 6, basi, unataka breki ya kilo 2.

Mizani ya kupimia hiyo iko jikoni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa ya lita 1.5 ikijaa ni kilo 1.5, na plastiki yenyewe haina uzito wa kuhesabu. Kwa kilo 2 unafunga chupa mbili, moja imejaa na nyingine ina nusu lita. Shika rili juu, simama kwenye kiti kama ni mfupi, acha mshipi upite kwenye kiroli chake na uteremke wima. Kaza breki mpaka chupa zitulie, kisha legeza kidogo kidogo mpaka zianze kushuka zenyewe.

Sasa tazama zinavyoshuka, maana hapo ndipo breki inajieleza. Zikishuka taratibu bila kusita, washa ni nzima. Zikikaa, zikaanguka ghafla, zikakaa tena, washa zimechafuka au zimekauka, na huo mshtuko ndio unaokata mshipi samaki akiwa karibu na mtumbwi. Huhitaji kufungua rili kulijua hilo.

Na kuna jambo ambalo wavuvi wa mbasa wanapaswa kulijua. Mbasa ni samaki wa mbio. Mvua zikianza anapanda mito kwenda kutaga, na akinaswa anaondoka na mshipi mrefu. Kadiri mshipi unavyotoka, spuli inakonda, na breki ileile ambayo hukuigusa inakuwa nzito zaidi. Spuli iliyokuwa na kipenyo cha milimita 48 ikibaki 36, breki ya kilo 2 inafika karibu kilo 2.7. Mvuvi anayekaza zaidi kwa hofu akiona mshipi unakwisha ndiye anayeukata. Anayejua, analegeza. Nami nikinasa mbasa jike mwenye mayai, namrudisha, kwa sababu wamepungua, na wazee wa Kyela wanaowakumbuka wakijaa mitoni bado wapo.

Washa zikiwa za sufu iliyogandamizwa, kama zilivyo kwenye rili nyingi ndogo, zinatengenezeka. Sufu hiyo ninayo, ni ileile tunayoiweka kwenye cherehani kuhifadhi mafuta na chini ya kijiti cha uzi. Kitoboleo ni vipande viwili vya bomba vilivyonolewa kwa nje tu, kimoja cha tundu la ndani na kimoja cha duara la nje. Unaweka sufu juu ya gogo upande uliokatwa, ili makali yazame kwenye nyuzi za mti yasivunjike. Toboa tundu dogo kwanza, kisha kipigie kikubwa huku kijiti kikishika katikati. Pima unene wa washa ya zamani sehemu isiyosagika na ufuate huo. Loweka kwenye grisi nyepesi, kamua, rudisha, kisha chupa za maji tena. Washa nyeusi za kaboni kwenye rili kubwa sizibadilishi kwa sufu. Nazisafisha na kuzirudisha.

Nisivyotengeneza

Gia sichongi. Nimeombwa, na wapo mafundi wa mashine ya kukerezea mjini hapa wenye mikono ya ajabu, lakini gia kubwa ya rili imepindwa meno kwa mzingo ambao mashine zao hazikuundiwa. Bodi iliyopasuka siichomei. Aloi yake inayeyuka kabla hujajua. Kibati cha kopo la soda, ambacho unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, nakikata kuwa washa ya kuondoa mchezo, lakini mahali pasipozunguka tu. Penye msuguano kinalika na unga wake unaingia kwenye grisi.

Kinachonisumbua sasa ni springi ya upinde, ule waya unaofunguka unapotupa ndoana na kujifunga unapoanza kukunja. Ikivunjika, rili nzima inakuwa ya kukunja kwa kidole. Springi ndogo ya mlio wa breki nimeshaipatia waya: nyuzi za gitaa. Uzi wa kwanza una milimita 0.25 na wa pili karibu 0.33, ni chuma kikavu cha springi, na kwaya za Mbeya hazikosi nyuzi zilizokatika. Unauviringa kwenye msumari mwembamba kuliko kipimo unachotaka, kwa sababu ukiuachia unafunguka kidogo, na huupashi moto hata chembe. Lakini springi ya upinde inataka waya wa milimita 0.8, na nyuzi nene za gitaa zimezungushiwa waya mwingine juu, hazifai. Spoki ni nene na haina urukaji. Waya wa mwamvuli unapinda ukabaki umepinda. Waya wenyewe wa springi nimeambiwa unauzwa kwa kilo, nami nahitaji mita moja. Anayejua duka linalokata kwa mita, popote kati ya Makambako na Tunduma, anipitie mezani. Nina rili nne zinasubiri, na mbili ni za wavuvi wanaotaka kuwahi mvua za Mto Mbaka.